Kompyuta ya Mwalimu Zainabu Ilipojifunza Kupiga Hodi

Wenzangu wa karakana, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa mpaka leo sijaelewa mtu aliyerudishiwa asubuhi zake zote anapewa saa ya nini. Nimeitundika sebuleni hapa Mandewa, na kila nikiitazama nakumbuka kwamba mliniomba niandike kidogo kuhusu kazi yetu kabla sijaanza kusahau. Basi naandika mapema, mkono ukiwa bado unaijua bisibisi na kichwa kikiwa hakijaanza kuwapamba waliokufa. Vyeo sitaviandika, na mshahara kila mmoja wenu anaujua ulivyo.

Mimi sikuanza kama fundi. Niliajiriwa Kiomboi nikiwa msichana, kazi yangu kupiga taipu katika ofisi moja ya serikali. Siku ya kwanza nilikabidhiwa mashine nzito ya chuma ambayo herufi a ilikuwa haitoki. Jaribuni kuandika barua ya Kiswahili bila a, mtaona kinachobaki. Nilimaliza barua tatu kisha nikachukua kalamu na kuzijaza a zote kwa mkono, na bosi wangu akaniuliza kama nilikotoka barua hupambwa hivyo. Nilitaka ardhi inimeze. Niliona wazi kwamba kazi niliyoitafuta mwaka mzima inaniponyoka kwa ajili ya herufi moja.

Wiki ile ile alikuja fundi kutoka Singida mjini, Mzee Abdala. Alikuwa mtu wa ukoo wa wafanyabiashara, baba yake aliletwa na biashara kutoka pwani, mama yake Mnyaturu, na yeye mwenyewe alikuwa na adabu za pande zote mbili pamoja na ubishi wa pande zote mbili. Alishuka kwenye basi na kopo la biskuti lililojaa springi na skrubu. Nilimwamkia, nikasimama ili akae kwenye kiti changu. Hakukaa. Aliniambia nirudi nilipokuwa, niandike, naye akavuta stuli akakaa pembeni akitazama vidole vyangu na wala si mashine. Baada ya mistari michache akacheka. Herufi a hubonyezwa kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na kidole changu kilikuwa hakijakomaa. Aliyenitangulia kwenye kiti kile alikuwa mwanamume mwenye mikono ya kulimia, akaikaza mashine kwa kipimo cha nguvu zake. Mzee Abdala alisogeza kijiti kimoja pembeni ya mashine, akanipa karatasi mpya, na a zikatoka zimejipanga kama watoto wa shule.

"Usiiulize mashine kitu," akaniambia, "kabla hujamwona mwenyewe akiitumia."

Kila alipokuja tena nilijisogeza karibu. Alinifundisha kusafisha herufi kwa mswaki, kutumia mafuta ya cherehani na si mafuta ya taa, na nisiweke chuma cha moto cha kuunganishia waya juu ya kitu ambacho sijui ndani kina nini. Miaka ikaenda, nikawa mimi ndiye ninayeitwa mashine zikigoma. Kompyuta za kwanza zilipofika ofisini kwetu yeye alikuwa ameshazeeka, macho yamechoka. Nilimpeleka akaione moja. Akaizunguka, akaigusa mgongo, akasema hii nayo ina mtu anayeikalia. Hakuwahi kuitengeneza hata moja, lakini nusu ya nilichokitumia kuzitengeneza mimi kilitoka kwake.

Ninyi mnaoanza leo hamtaamini kilichoziua kompyuta za wakati ule. Ziliuawa na vitambaa. Kila katibu muhtasi alifuma kitambaa cheupe chenye maua, akakitandika juu ya mashine kama anavyotandika juu ya redio nyumbani, na matundu ya kupitisha hewa yakazibwa kwa upendo. Niliwahi kufungua nyingine nikakuta mjusi amekauka juu ya waya za umeme, na nyingine ya kiwanda kidogo cha kukamua alizeti ilikuwa imejaa vumbi lenye mafuta hadi feni haizunguki. Pangusa kwanza, halafu ndipo ufikiri. Mashine nyingi zilizoletwa kwangu zikiwa marehemu zilifufuka kwa brashi ya kupakia rangi.

Nilipohamishiwa Singida kwenye karakana yetu ya vifaa vya shule, nikakutana na ninyi, na mnayajua mengi yaliyofuata. Ila kisa cha mwaka wangu wa mwisho wengi wenu mlikiona nusu tu, kwa hiyo hicho nakiandika chote.

Mwalimu Zainabu alikuja kutoka Iguguno akiwa na fimbo yake nyeupe mkono mmoja na mfuko begani. Anafundisha Kiswahili na historia katika sekondari ya huko, naye haoni tangu utotoni. Shuleni kwake kuna wanafunzi watatu wasioona, wakati ule wakijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, na yeye ndiye aliyekuwa akiwaandikia mazoezi na kuyachapa kwa nukta nundu, zile herufi zinazosomwa kwa vidole. Alitoa mfukoni kompyuta mpakato, ambayo sisi wote tunaiita laptopu. Ilikuwa nzee, bawaba moja imefungwa kwa gundi, vitufe vimelainika.

"Shikamoo mama," akasema. "Nimeambiwa hapa kuna mama mtu mzima ambaye hafokei watu."

Nilimwitikia marahaba na kumwambia waliomwambia wamenitendea wema kuliko ninavyostahili. Kisha akanieleza shida. Ndani ya laptopu ile mlikuwa na mifumo miwili. Windows ya zamani ilikuwa humo tangu siku iliponunuliwa, na printa ya nukta nundu ya shule haielewani na mfumo mwingine wowote ila huo. Lakini Windows ile ilikuwa imechoka. Programu inayomsomea skrini kwa sauti ilikuwa inakwamakwama, anabonyeza herufi sasa, anaisikia baadaye. Ndipo mmoja wenu, Elia, akamwekea pembeni mfumo wa pili, Linux, mwepesi, unaosoma Kiswahili bila kusitasita. Apige kazi zake kwenye Linux, akitaka kuchapa aingie Windows. Wazo zuri. Elia, najua unasoma hapa, tulia, sijafika kwako.

Tatizo ni kwamba Windows ilikuwa imepotea. Akiwasha, anaingia Linux moja kwa moja, printa anaitazama tu, kama alivyosema mwenyewe kwa kicheko. Na mkuu wa shule, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameshapendekeza kwamba muhula ukifunguliwa laptopu na printa vihamie kwa mwalimu anayeona, yeye Zainabu awe anamsomea cha kuchapa. Mtihani ulikuwa unakaribia, na shule ilikuwa na mashine moja tu.

"Nikishaipeleka kwake hairudi," akaniambia taratibu. "Nitakuwa mwalimu wa kuomba. Naomba nichapiwe, naomba nisomewe kama imetoka sawa. Mama, mimi nilishaacha kuomba."

Niliivuta laptopu karibu yangu.

Kilichotokea ni hiki, na kiandikeni mahali. Laptopu za umri ule zina njia mbili za kuamka, ya zamani na mpya, na njia gani itumike huchaguliwa kwenye mipangilio ya ndani, ile unayoifikia kwa kubonyeza kitufe cha pembeni kabla skrini haijawaka vizuri. Windows ile iliwekwa kwa njia ya zamani. Elia alipochomeka fleshi yake ya Linux, mashine ikaiamsha kwa njia mpya, naye akaendelea. Kwa hiyo mifumo miwili ikawa inakaa nyumba moja lakini kila mmoja una mlango wake, na aliye mlango huu hamwoni wa mlango ule. Windows haikufutika. Nilichofanya ni kuirudisha mashine kwenye njia ya zamani, kisha nikakiweka upya kwa njia hiyo hiyo kiwashio cha Linux, ile programu ndogo inayotangulia kuamka na kukuuliza unataka mfumo upi, nikakiamuru kitafute kilicho jirani. Orodha ikaja ina majina yote mawili. Nikazima, nikawasha, nikazima, nikawasha. Ikakubali. Mwalimu Zainabu akapanda basi la kurudi Iguguno akiwa na furaha, mimi nikanywa chai yangu nikijiona bado nimo.

Kabla juma halijaisha akanipigia. Windows imepotea tena.

Akarudi nayo. Nikaikuta mashine imejirudisha yenyewe kwenye njia mpya, ambako bado kulikuwa na mabaki ya kiwashio cha kwanza cha Elia, kisichoijua Windows. Nikarekebisha, nikaijaribu siku nzima pale karakana mbele yenu, haikukosea hata mara moja. Akaenda nayo, kesho yake ikawa vile vile. Ninyi mkaanza kusema diski inakufa, wengine mkasema umeme wa Iguguno. Mmoja, simtaji, akasema kitu cha zamani kina roho yake. Mimi nikakumbuka kidole changu kidogo na Mzee Abdala pembeni kwenye stuli. Mashine iliyo nzima kwangu na mbovu kwa mwenyewe, hapo swali si la mashine tena. Niliomba ruhusa, nikabeba mkoba wangu, nikapanda basi la Iguguno.

Nilimkuta kwenye chumba kidogo cha vifaa alichopewa shuleni. Nikamwomba anisahau. Afanye anavyofanya kila siku akifika, asiruke kitu hata kama ni kidogo. Nikakaa pembeni, kwa bahati hata stuli ilikuwepo.

Alifungua kabati, akatoa laptopu, akachomeka waya wa umeme, akawasha. Sikuona kosa. Sauti ya Linux ikaanza kusema, ikamtajia siku na tarehe. Akatikisa kichwa.

"Hii nayo haijui kwamba kumekucha," akasema. "Tukilala Jumanne, ikiamka inaniambia bado Jumanne. Inaanzia pale ilipolala."

Nilimuuliza kama ilikuwa hivyo hata kabla ya Elia. Akasema ni muda mrefu, alidhani ndiyo uzee wenyewe. Nikamwomba sasa aifunge anavyoifunga jioni. Akaizima kwa utaratibu mzuri, akachomoa waya, akaiinua kuirudisha kabatini, nami nikaona ni nyepesi mno mikononi mwake. Nikamuuliza betri iko wapi. Akafungua droo, akatoa kifurushi cha kitambaa cha kanga, na ndani yake betri imelala safi kama mtoto aliyeogeshwa.

Ninyi nyote mnaijua desturi hii, na nusu yenu mnaifuata. Mtu akinunua laptopu, muuzaji humwambia ukiwa na umeme itoe betri isichoke, uiweke umeme ukikatika. Mwalimu Zainabu ni mtu wa kushika maelekezo. Kwake betri iliingia ndani siku za giza tu, na siku za kusafiri, isije ikadondoka kwenye basi. Ndiyo maana kila alipoileta karakana ilikuwa na betri tumboni, na mimi nikaijaribu na betri tumboni, na ikanitii. Kule kwake, waya ukichomolewa, mashine ilibaki haina umeme hata chembe.

Hapo ndipo kinapoingia kile kibetri kingine, cha duara kama kifungo cha koti, kilichofichwa chini ya kibodi. Kazi yake ni kuikumbusha mashine saa na mipangilio yake wakati kila kitu kimezimwa. Cha kwake, kwa kuibeba kazi hiyo peke yake kila usiku, kilikuwa kimeshakufa. Kila jioni mashine ilisahau siku ya leo na ikasahau njia niliyoichagulia, na asubuhi ikaamka kama ilivyotoka kiwandani, ikijaribu kwanza njia mpya. Kabla ya Elia njia hiyo ilikuwa tupu, kwa hiyo mashine iliishia kwenye Windows yenyewe, na hakuna aliyegundua. Nilifungua skrubu, nikakipima. Kipya huwa na volti tatu, kile hakikufika hata moja. Mkobani, kwenye kopo langu la vipuri, nilikuwa nacho kimoja kizima chenye waya na plagi yake, nilichokitoa kwenye laptopu iliyokanyagwa na pikipiki. Sikukigusa kwa chuma cha moto, nilikipachika, nikakifunga kwa tepu. Nikaweka mipangilio, nikaondoa betri kubwa, nikachomoa waya, tukaenda kunywa chai kwa mama lishe nje ya uzio. Tuliporudi nikawasha. Orodha ikaja, majina mawili. Nilisikia raha ambayo sikuisikia siku nyingi.

Nikamwambia tayari, orodha hiyo hapo.

Mwalimu Zainabu hakucheka. Alikaa na mikono juu ya kibodi, kisha akauliza orodha imekuja saa ngapi. Nikamwambia sasa hivi, ipo mbele yako. Na wakati anauliza, mashine ilimaliza kumhesabia sekunde zake, ikaingia Linux yenyewe.

"Umeona mama?" akasema. "Mgeni akija kwangu hupiga hodi. Huyu anasimama mlangoni kimya, na nikichelewa kumjibu anaingia. Nitamjuaje?"

Sauti za kumsomea zilikuwa ndani ya mifumo, kila mmoja na yake, lakini orodha hutokea kabla ya mfumo wowote kuamka, na hapo hapakuwa na wa kumsomea. Alikuwa amejaribu kuhesabu kichwani, lakini mashine nzee haiamki kwa mwendo ule ule kila siku. Zile siku chache Windows ilipokuwepo kwenye orodha, alimwita mtu mwenye macho amwambie "sasa". Hilo nalo mkuu wa shule alikuwa ameliona. Mimi nilikuwa nimetengeneza kila kitu, na bado ilibidi aombe.

Ilinichukua muda kukumbuka. Kwenye faili ya mipangilio ya kile kiwashio kuna mstari mmoja wa mlio, ambao waliokitengeneza waliuweka na kuulaza kwa alama ya reli, hii #, mbele yake. Nilikuwa nimeupita mara nyingi miaka yote ile nikiona ni mchezo wa vijana. Nikaifuta alama, nikahifadhi, nikawasha upya. Orodha ilipotokea mashine ikatoa mlio mmoja mwembamba.

Akageuka kama mtu aliyeitwa jina. Lakini akasema mmoja hautoshi, shuleni kuna simu za walimu, kuna kengele, atachanganya. Hodi ni tatu. Nikaipangia milio mitatu yenye nafasi katikati. Kisha akasema na ile tabia ya kujiingiza iishe, anayepiga hodi husubiri. Nikaondoa hesabu ya sekunde, orodha ikawa inakaa hapo hadi aguse. Linux ikabaki juu, yaani Enter moja tu, na Windows ikabaki ya mwisho chini, kwa hiyo anabonyeza kitufe cha End kisha Enter bila kuhesabu mistari.

Tukamwita mkuu wa shule. Alikuja akiwa na haraka zake, akasimama mlangoni. Nilimwomba Mwalimu Zainabu atoe betri, achomoe waya, aanze mwanzo kabisa, na mimi nikaenda kusimama dirishani, niwape mgongo. Feni ikavuma. Halafu ti, ti, ti.

"Karibu," akasema Mwalimu Zainabu, kwa mazoea tu ya mtu aliyelelewa vizuri, na nikasikia vitufe viwili. Baada ya muda ule mrefu wa Windows ya kizee, sauti ikaanza kumsomea, na baadaye kidogo printa ikaanza kugonga karatasi kama mtu anayepigilia misumari. Alipapasa ukurasa wa kwanza kwa vidole, akasoma swali kwa sauti, swali la historia, kisha akamkabidhi mkuu wa shule, ambaye aliushika asijue ni juu au chini.

"Basi ibaki hapo hapo," akasema mkuu. Akaurudisha ukurasa kwa mikono miwili.

Elia, uliuliza baadaye kosa lilikuwa la nani, nami nikakwambia nitajibu nikistaafu. Wewe uliingilia mlango usio wa Windows ile, mimi nikaijaribu mashine mahali pasipo pake, na muuzaji wa laptopu alitoa ushauri mzuri kwa betri moja ukaiua nyingine. Gawaneni. Cha kubeba ni kwamba kabla hujamwekea mtu mfumo, kaa pembeni yake, umtazame anavyowasha, na hasa umtazame anavyozima. Na ukidhani umemaliza, muulize yeye kama umemaliza.

Wiki yangu ya kwanza ya kustaafu simu iliita asubuhi, nikiwa bado natafuta la kufanya na asubuhi yenyewe. Alikuwa Mwalimu Zainabu. Nilipoona jina lake mkono wangu ulishaanza kutafuta mkoba, nikijua umeme wa huko ulikuwa umekatika siku mbili. Aliniamkia, nikamwitikia, nikamuuliza kuna nini.

"Hakuna kitu mama. Sikiliza."

Akaiweka simu karibu na mashine. Ti, ti, ti. Nikamsikia akiikaribisha, kisha vitufe, kisha baada ya muda ile misumari ya printa. Nilimuuliza ni nani amemfungulia ofisi mapema hivyo. Akasema ufunguo anao yeye, na shuleni hakuna mtu mwingine aliyekwisha kufika. Niliitazama saa yenu ya ukutani. Ilikuwa kweli, hata saa moja ilikuwa haijafika, walimu wenzake wote walikuwa bado majumbani kwao.